Mkaguzi Apumzike Kwanza

Mke wa kinyozi hakuwa mtu wa wivu, lakini wiki ile alimwonea mbwa wivu wa waziwazi.

Mbwa mwenyewe aliitwa Mkaguzi, jike wa rangi ya kahawia mwenye tabia ya kunusa kila mfuko unaoingia getini, utadhani ameajiriwa na forodha. Alikuwa amezaa watoto wazuri ajabu, wanene, wenye vifua vipana, na mtaa mzima ukawagombania. Walipokwisha kuachishwa ziwa na kugawiwa, Mkaguzi alibaki mbavu nje, manyoya yananyonyoka. Kinyozi hakupata usingizi kwa mawazo. Alimpeleka kwa daktari wa mifugo, akarudi na dawa za minyoo na maelekezo ambayo aliyashika kama sala. Akaanza kumchemshia maini. Akamtandikia godoro la kitanda cha mtoto, godoro ambalo lilikuwa bado zima kabisa. Na Mkaguzi alipoingia joto tena, akamfungia uani, akaziba kila tundu la uzio kwa bati, akatangaza kwamba dume litakalosogea pale litaondoka limenyolewa.

"Anapumzika," alimwambia kila aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

Mkewe aliyasikia maneno hayo akiwa na mtoto wa tatu mgongoni, wa pili kaning'inia kwenye sketi, na wa kwanza anadai kijiko. Wote wasichana, wote wamefuatana kama vifungo vya shati. Yeye alikuwa fundi wa nguo, tena fundi hasa, wa kushona mpaka suti, lakini cherehani yake ilikuwa imekunjwa kichwa tangu mtoto wa pili, na juu ya meza yake siku hizi zilikaa nepi. Nywele zilibaki kwenye kitana kila akichana. Magoti yalilia kila akiinama. Na nani aliwahi kumchemshia maini? Tuseme ukweli jamani, hakuna.

Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka kupumzika. Kule kliniki muuguzi alikuwa amemwambia wazi kwamba mwili wake umechoka, asifikirie mimba nyingine mpaka urudi sawasawa. Kinyozi alikuwa amekaa ubavuni pake siku hiyo, akatikisa kichwa kukubali mpaka ungedhani shingo ina springi. Wakakubaliana, mume na mke, wakayamaliza. Kisha akaja mama mkwe.

Mama mkwe alishuka na sanduku kubwa, na mama mkwe akija na sanduku kubwa jueni hakuja kusalimia. Alikuwa mwanamke mwema, tusimsingizie. Alifua, alipika, alibembeleza wajukuu wote kwa zamu bila kununa. Ila alikuwa na jambo lake moja, na alilitoa mezani mchana wa kwanza, huku akichambua miiba ya samaki.

"Wasichana watatu, Mungu ashukuriwe. Sasa mwakani tutegemee wa kiume?"

Mke wa kinyozi alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama samaki.

"Ndiyo, mama," alisema kinyozi. "Mungu akipenda."

Alipigwa teke chini ya meza, teke la haki kabisa, akajifanya amepaliwa na mwiba. Walipoingia chumbani mlango ulikuwa haujafungwa vizuri ameshaanza kujikosha.

"Nilikuwa namridhisha tu. Mama ni mama."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mke wangu. Unanielewa."

"Basi kesho mwambie."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kesho yake aliondoka chai haijachemka, na keshokutwa vilevile. Mtu mzima, mwenye ndevu zake, anayepitisha wembe kwenye makoo ya wanaume wenzake bila mkono kutikisika, alikuwa akimkimbia mama yake kama mtoto aliyevunja kikombe. Kila alipoulizwa, jibu lilikuwa lile lile, ndiyo mama, ndiyo mama. Mama mkwe naye akapata moyo, akaanza kumpa mkwewe mawaidha: ale nini, alale upande gani, asinyanyue ndoo kwa mkono upi. Siku alipomshauri aanze kumwachisha mtoto ziwa mapema ili mambo yasichelewe, mke wa kinyozi aliona maji yamemfika shingoni.

Angeweza kumwambia mwenyewe. Alilifikiria sana hilo. Lakini maneno hayo yakitoka kinywani mwa mkwe yangeitwa kiburi, na yangewafikia mawifi na mashemeji wote yakiwa yametiwa chumvi ya kutosha. Ilibidi yatoke kwa mwana, kwa kinywa chake, na mama asikie.

Aliyefungua njia alikuwa Mkaguzi, bila kujua. Ijumaa mama mkwe alikaa uani kuchambua mchele, mbwa kajilaza miguuni pake, wawili hao wakiwa wamepatana tangu siku ya sanduku.

"Huyu mbwa ni mzuri," alisema mama mkwe. "Nataka mtoto wake mmoja akanilindie kuku. Na nasikia ameshaingia joto. Sasa mmemfungia wa nini?"

Mke wa kinyozi nusura aangushe beseni la nguo. Akajitia hamnazo.

"Mambo ya mbwa ni ya mwanao, mama, mimi siyaingilii. Kesho twende kibandani kwake ukamwombe mwenyewe. Wewe atakukatalia?"

"Huyo hajawahi kunikatalia kitu," alisema mama mkwe kwa fahari.

"Ndiyo maana," alijibu mkwewe, akainama kukamua nepi ili uso wake usionekane.

Kuhusu kazi ya mumewe alikuwa anajua mambo mawili. Kwanza, mteja wa mwanzo kila Jumamosi ni Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye dume lake ndilo lililompanda Mkaguzi. Kila Jumamosi Saruji huomba ndoa irudiwe, na kila Jumamosi kinyozi humpa mhadhara. Pili, kinyozi haachi kichwa nusu. Huo ni mwiko wake wa kazi. Mashine ikishagusa kichwa, hata kibanda kishike moto, atamaliza kwanza. Mtu wa namna hiyo ukimkuta katikati ya kichwa hana pa kukimbilia.

Jumamosi walifika nje ya kibanda jua halijawa kali. Mama mkwe alitaka kulisukuma pazia aingie moja kwa moja.

"Subiri kidogo, mama, nimfunge mtoto vizuri," alisema mke wa kinyozi. Akakifungua kitambaa cha kumbebea, akakikunjua, akakikung'uta, akakikunja upya taratibu, jicho moja kwenye upenyo wa pazia. Ndani Saruji alikuwa amefunikwa shuka mpaka kidevuni, upande wa kushoto umeshashuka chini, wa kulia bado kichaka. Kwenye benchi walikaa wateja wengine wanangoja zamu.

"Lakini bwana," Saruji alikuwa akisema, "mbona jike mwenyewe yuko tayari?"

"Tayari!" Kinyozi alicheka kwa dharau. "Kuwa tayari kushika mimba siyo kuwa tayari kuzaa. Daktari kaniambia, mbwa jike anaingia joto kama mara mbili kwa mwaka. Akishazaa, joto linalofuata unaliruka, hakuna mjadala. Mwaka upite, na ukizidi bora zaidi. Kwa nini? Kwa sababu yule amewajenga watoto wanane kwa mifupa yake mwenyewe. Halafu kawanyonyesha. Maziwa unadhani yanatoka wapi, dukani? Yanatoka kwake! Pitisha mkono ubavuni. Ukiweza kuzihesabu mbavu, huyo bado. Tazama manyoya. Yakinyonyoka, bado. Ukimlazimisha hivyo hivyo, watoto wanatoka dhaifu na mama unamzika. Sasa mimi sitaki dume, sitaki shinikizo, sitaki mtu wa kuniuliza mwakani tutegemee nini!"

"Sawasawa kabisa," alisema mmoja wa benchini.

"Na anayemsumbua jike aliyechoka," kinyozi alimalizia, mashine hewani, "huyo hana huruma. Hata awe nani."

"Sasa tuingie, mama," alisema mke wa kinyozi.

Wateja walipoona mtu mzima anaingia walisogea kumpisha. Kinyozi aliamkia bila kuzima mashine, akamtupia mkewe jicho la kuuliza kulikoni, mkewe akawa ameona kitu cha maana sana darini.

"Nimekuja kwa jambo moja, mwanangu," alisema mama. "Nataka mtoto wa Mkaguzi. Mpeleke kwa dume."

Saruji aling'aa kwenye kioo. "Umemsikia mzazi?"

Kinyozi aliinua macho kiooni. Kioo kilikuwa kimejaa macho, na macho yote hayo yalikuwa na masikio yaliyosikia alichosema dakika ile ile. Alihangaika nayo kidogo, ukamwona kabisa akitafuta pa kupita.

"Hapana, mama," alisema. Neno lenyewe lilimshangaza. Alilitoa polepole, kama mtu anayeonja chakula cha kigeni. "Mbwa bado anapumzika."

Na hapo mke wa kinyozi, ambaye usiku kucha alikuwa akicheka peke yake kwa kulifikiria tukio hili, alijikuta anaogopa. Akapiga moyo konde.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe nini?"

"Mimi nimezaa watatu wakifuatana. Nanyonyesha. Njoo upitishe mkono hapa ubavuni uhesabu, mashahidi wapo. Mbwa umemtetea mbele ya mama yako. Mimi zamu yangu lini, au na mimi nikae benchi?"

"Mke wangu, wewe si mbwa!"

"Najua. Ningekuwa mbwa ningekula maini."

Benchi lilipasuka kwa kicheko. Mkono wa kinyozi, ule usiotikisika, ulitikisika, na mashine ikachimba barabara nyeupe katikati ya nywele chache za juu ambazo Saruji huachiwa kila wiki kwa ajili ya kufichia upara.

"Mjibu shemeji!" Saruji alilia. "Mjibu kabla hujanimaliza!"

Kinyozi alimtazama mkewe kwenye kioo. Mkewe naye alimwona anavyotazama: mifupa ya mabega kwanza, kisha uso, kisha pale juu ya sikio ambapo nywele zilikuwa zimeondoka zikaacha ngozi tupu. Mtu wa nywele, anayeishi kwa nywele, na pale hakuwahi kupaona. Aibu ilimjaa usoni mpaka masikioni.

"Mama," alisema, "mwakani usitegemee. Wala mwaka wa pili yake. Tulishakubaliana mimi na yeye zamani, ila nikakuogopa."

Mke wa kinyozi alijiandaa kwa dhoruba. Mama mkwe hakupaza sauti. Alikaa kwenye benchi, akapakata mkoba wake, akawa anaufungua na kuufunga bila kutoa kitu.

"Baba yako alikuwa na ng'ombe," alisema mwishowe. "Mwekundu, ana pembe moja. Akishazaa, baba yako alikuwa anampumzisha. Hataki mtu amguse. Mwacheni, anasema, kachoka huyo. Na maji ya ng'ombe huyo nilikuwa nikiyachota mimi, wewe ukiwa tumboni, dada yako mgongoni hata kutambaa hajaanza. Saba niliwazaa hivyo. Hakuna siku aliyoniambia mimi, kaa chini, umechoka." Aliinua macho. "Na mimi nikadhani ndivyo ilivyo. Nikadhani mtu hachoki."

Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi mwa kinyozi, mbali na kichwa cha mtu. Mke wa kinyozi alikuwa amekuja akiwa na ushindi wake tayari, sasa hakujua auweke wapi. Alikaa karibu na mama mkwe wake, akamshika mkono.

"Pole, mama."

"Pole ya leo?" alisema mama mkwe, lakini mkono hakuutoa. Akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa, akakaa sawa, na sauti yake ya siku zote ikarudi. "Wewe mwenye dume, kalifunge. Na wewe mwanangu, mbwa umesema apumzike muda gani?"

"Mwaka, mama. Ukizidi bora zaidi."

"Basi mkeo mitatu. Na ndugu zako wakiuliza nani kasema, waambie ni mimi. Haya, mmalizie huyu bwana kichwa chake, anatia huruma."