Mguu wa Majaribio

Kaka mtu alikuwa fundi wa paa, tena fundi hasa, si wale wanaopanda ngazi huku wakimwomba Mungu msamaha. Alitembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kama mtu anayetembea sebuleni kwake, misumari mdomoni na nyundo kiunoni. Siku ya ajali hata juu hakuwa amepanda. Lori la kokoto lilirudi nyuma pale kwenye ujenzi bila dereva kutazama, likamkuta chini akichagua mbao, likausaga mguu wake wa kushoto. Madaktari wakaukata chini ya goti.

"Miaka yote mlikuwa mnaogopa nitaanguka," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Kumbe mwenzenu nilikuwa nasubiriwa chini."

Watu wakacheka kwa adabu. Mama yake aliinuka akaenda jikoni.

Dada yake, kitindamimba wa nyumba ile, alikuwa ndiyo kwanza ameanza shahada ya uzamili katika uhandisi. Alikuwa na mada yake tayari, ya mabomba ya maji. Aliitupa. Akaenda kwa msimamizi wake, profesa mmoja mkavu wa maneno, akamwambia anataka kutengeneza mguu wa bandia wa bei nafuu, wa plastiki chakavu iliyoyeyushwa pamoja na nyuzi za katani.

Profesa alimtazama juu ya miwani. "Una mgonjwa nyumbani?"

"Nina kaka."

"Basi ujue kazi yako itakuwa kuivunja hiyo miguu. Kutengeneza ni nusu tu. Ukiona huna moyo wa kuivunja, rudi kwenye mabomba."

Hakurudi kwenye mabomba. Mwaka mzima alinuka plastiki iliyoungua. Miguu ya kwanza ilitoka kwenye tanuri imejikunja kama majani makavu. Iliyofuata ilikuwa na mapovu ndani. Fundi wa maabara, mtu mzima mwenye utani, aliipanga ile iliyoharibika juu ya kabati na kuiita jeshi la vilema, mpaka siku moja kaka mtu alipokuja kupimwa. Tangu hapo jeshi likashushwa, wala utani ule haukusikika tena.

Hatimaye mguu ukatoka, mwepesi, wenye wayo uliojipinda kidogo na kurudi mahali pake kila ukikanyagwa. Akatengeneza kadhaa. Mingine ilikwenda kwa watu waliokubali kuijaribu, waliotembezwa taratibu kwenye sakafu ya kliniki wakiwa wameshika vyuma vya kando. Mingine ilifungwa kwenye mashine. Mashine ile ilikuwa na nguzo mbili na pistoni ya chuma ikipanda na kushuka katikati, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukanyaga. Iliushusha mguu kwa uzito wa mtu mzima, kisigino kwanza, vidole baadaye, ikauinua, ikaushusha tena, mchana na usiku, hadi zitimie hatua ambazo mwanadamu huzipiga kwa miaka.

Kaka alikuwa mmoja wa wajaribuji. Siku alipouvaa mara ya kwanza aliviachia vile vyuma, akavuka chumba, akasimama mbele ya dirisha akiwapa kisogo. Alikaa vile muda mrefu. Alipogeuka alisema tu, "Mdogo wangu, unabana kidogo hapa pembeni."

Masharti yalikuwa wazi, na aliambiwa kwa mdomo wa dada yake mwenyewe: atembee nyumbani na barabarani, asibebe mzigo, asipande popote. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayetumwa dukani huku macho yakiwa kwenye mpira.

Dada aliupata ukweli kwa masikio. Alikuwa anapita mtaa wa jirani akielekea chuoni, akasikia nyundo ikigonga bati, na kati ya kugonga na kugonga, mluzi. Mluzi ule aliujua tangu utotoni. Akainua uso. Kaka yake alikuwa kwenye mgongo wa paa la nyumba ya ghorofa, amesimama wima, jua limempiga usoni. Kwa kitambo kidogo moyo wa dada ulijaa furaha hadi ukamuuma. Halafu akashika ukuta wa watu.

Hakumwita, akiogopa asije akamshtua. Alimngoja mpaka aliposhuka.

"Kaka, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana nitembee. Sasa mimi natembea wapi kwingine? Mimi njia yangu iko juu."

Wiki hiyo hiyo mguu wa kwanza ukapasuka mashineni. Haukutoa dalili yoyote. Uligawanyika ghafla kwenye kifundo, kama kuni kavu. Wa pili nao ukafuata, kisha wa tatu, kila mmoja kwa wakati wake na wote pale pale. Dada aliikata vipande akavitazama kwa hadubini. Unyevu ulikuwa umepenya hadi kwenye nyuzi za katani, nyuzi zikavimba na kuachana na plastiki. Kwa nje mguu ulibaki unang'aa. Plastiki nayo huchoka, ila haina mdomo wa kulalamika.

Profesa hakuzungusha maneno. "Irudishe yote. Leo."

Wajaribuji wengine waliirudisha. Mama mmoja muuza vitambaa alilia kidogo, akaomba radhi kwa kulia. Kaka alikataa.

Dada alimkuta uani kwake akinoa patasi. Akamweleza kila kitu, polepole, na picha za nyufa akamwonyesha. Kaka alizitazama kwa heshima, akamrudishia.

"Hii ni miguu yangu?"

"Si yako. Ni ya mashine. Lakini imetoka tanuri moja."

"Mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Mbona wewe umesoma na mimi sikusoma?"

"Kaka, sifanyi mchezo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi guu nilishavunjika," alisema kaka, "kwa hiyo huyo mkuu hana tena cha kunitishia." Akacheka mwenyewe, halafu akaacha kucheka. "Sikiliza. Uliniona nilipokuwa nakaa hapa na magongo. Wanangu walikuwa wanatembea kwa kunyata, kama nyumba ina maiti. Ukiuchukua huu mguu, unanirudisha pale. Nikianguka, nimeanguka. Angalau nitakuwa nimeanguka kutoka mahali."

 Dada aliondoka, na siku zilizofuata kila simu ikilia alijua ndiyo yenyewe.

Jumapili mchana alirudi kujaribu tena. Kaka alikuwa amelala, amechoka na kazi ya juzi na jana. Mlangoni alimkuta mke wa kaka yake, amebeba kitu kimefungwa kwenye shuka. Alijua ni nini kabla hajakipokea.

"Chukua, wifi," mwanamke yule alinong'ona. "Kila akitoka asubuhi mimi namzika. Jioni akirudi namfufua. Nimechoka. Chukua uende, kabla sijabadili mawazo."

Akauchukua. Alitembea haraka kuelekea chuoni akiukumbatia kama mtoto mgonjwa. Ulikuwa bado na joto la jua la dirishani.

Angeweza kuufungia kabatini. Lakini alimjua kaka yake, angevunja kabati. Tena alitaka jambo jingine, ambalo hakulisema kwa mtu: alitaka uvunjike. Alitaka kumshika mkono, amwonyeshe vile vipande, amwambie, unaona? Akaufunga mashineni, akabonyeza kitufe.

Kaka alifika kesho yake kwa magongo, jasho limemlowesha shati. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya mashine akiutazama mguu wake ukikanyagishwa sakafu ya chuma, kisigino, vidole, kisigino, vidole.

"Usimamishe," alisema.

"Siwezi, kaka."

"Usimamishe, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Fundi wa maabara alijifanya anafuta meza iliyokuwa safi. Dada alitikisa kichwa. Kaka akavuta kiti, akaketi. Kuanzia hapo akawa anakuja karibu kila asubuhi, anakaa pale pale, haongei na mtu, anatazama kama anayekesha na mgonjwa. Dada alifanya kazi zake kwenye meza ya nyuma, na kila sauti ya mashine ilipobadilika kidogo, wote wawili waliinua vichwa.

Mguu haukuvunjika. Ulipita pale wa kwanza ulipokufa, ukapita wa pili na wa tatu. Ulikwenda mpaka mwisho, mashine ikajizima yenyewe, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia maji yakidondoka kwenye sinki. Fundi wa maabara aliufungua, akaugeuza mikononi, akaukabidhi kwa dada. Hata ufa wa unywele haukuwapo.

"Kwa hiyo ulikuwa mzima," kaka alisema.

"Ulikuwa mzima."

"Nipe basi."

Hakujua angelisemaje lile neno kwa upole, kwa hiyo akalisema lilivyo. "Siwezi kukupa. Umeshakwisha. Hatua zote ulizokuwa nazo, zimeishia hapa. Ukiuvaa sasa, hata mimi sijui utakufikisha mlango gani."

Kaka alimtazama kana kwamba anatafuta sura ya mtu mwingine ndani ya ile ya dada yake. "Hatua zangu," alisema. "Umezimaliza kwenye chuma." Akachukua magongo, akaondoka. Alishindwa kuufungua mlango kwa mikono iliyojaa, na fundi wa maabara alipokimbilia kumsaidia, alisubiri pale bila kugeuka.

Tasnifu ilitetewa miezi michache baadaye. Mtahini wa nje alitaka kujua kwa nini mguu mmoja ulisalimika na mingine ikafa. Dada alieleza kwamba huenda ulipoa taratibu zaidi, kwamba mguu mmoja hauthibitishi kitu, kwamba huwezi kumvisha mtu bahati. Yote yalikuwa kweli. Wakampitisha kwa sifa. Profesa alimpa mkono, akausahau mkononi mwake kidogo.

"Ulifanya sawa," alimwambia. "Usitegemee kujisikia sawa."

Kaka hakuja siku ile, wala ya mahafali. Mama alijaribu kuwapatanisha. Alimwita mmoja bila kumwambia mwingine, akawapikia. Kaka alikula, akamshukuru mama, akaaga. Kumwonya mtu asianguke kuna taabu hii: asipoanguka, yeye ndiye anayebaki na ushahidi.

Dada alitengeneza mguu mwingine, wa mpira mzito juu ya mbao, usiopendeza lakini usiovunjika. Alimpelekea mwenyewe. Mke wa kaka ndiye aliyetoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Amesema havai kitu kilichotoka mkononi mwako. Nimemwomba sana."

"Anafanya nini siku hizi?"

"Anakaa."

Wakasimama pale, mguu katikati yao. Kisha mwanamke akashusha sauti. "Wifi, mpaka leo anajua uliingia chumbani ukamwibia. Hajaniuliza mimi hata mara moja. Akijua ni mimi, hii nyumba haipo." Akamshika mkono. "Nakuomba."

Dada alisikia ndani kiti kikisogezwa, na kikohozi cha kaka yake.

"Sawa, wifi," alisema. "Ni mimi niliyeingia."

Akauacha mguu kizingitini, akaenda zake.