Uji wa Nancy

Katika shule ile ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Bariadi, fundi wa kuanguka mapepo alikuwa mmoja tu, Felisita wa kidato cha tatu. Alianguka kwa heshima zote: siku za jaribio la hesabu, zamu za kudeki vyoo, na mara moja mbele ya mgeni rasmi. Matroni Philomena alimwombea kila mara, kisha akampa uji wenye sukari.

Kwa hiyo Nancy alipodondoka mstarini kama gunia la pamba, mkono wa kulia ukirukaruka peke yake, Felisita aliona wivu mpaka masikio yakapata moto. Nancy huyu aliyelia kichwa wiki nzima, eti kinazidi akilala! Kwaya nzima ikamzunguka na kuimba. Felisita hakuwahi kuimbiwa hata ubeti.

"Mwenzio ana pepo kubwa kuliko lako," Veronica, mwanafunzi mwenzake, alimchokoza.

"Langu lina uzoefu."

Mchana alinyata hadi dirisha la chumba cha wagonjwa, kuhakiki kama mpinzani wake kaongezewa sukari. Kikombe kilikuwa kimejaa. Nancy alikipapasa kwa mkono wa kushoto, akakimwaga. Wa kulia ulilala kitandani kama wa mtu mwingine. Hakujaribu hata kulamba vidole.

Wivu ukamwisha. Katika miaka yake yote ya kazi, Felisita hakuwahi kuacha uji. Akamkimbilia Matroni.

"Matroni, Nancy anaumwa. Apelekwe hospitali."

"Ana pepo, mwanangu, kama lako. Tunamwombea siku tatu."

Felisita akatazama sakafu. Akisema, hatapata tena uji, wala huruma, wala ruhusa ya kukosa hesabu. Asiposema, Nancy atabaki pale.

"Langu si pepo, Matroni. Langu ni hesabu. La Nancy ndilo silijui."

Matroni alimtazama kwa jicho ambalo lingekausha nguo. Kisha akaita gari.

Hospitalini, Dokta Luhaga alimsikiliza Felisita hadi mwisho: kichwa, mkono mmoja, uji. Picha ya kwanza ya CT scan haikuonyesha kitu cha wazi. Hakuridhika, akaagiza nyingine, Nancy akidungwa kwanza dawa ya kung'arisha mishipa. Akawaita Matroni na Felisita kwenye skrini.

"Huu ni mshipa mkubwa unaoondoa damu kwenye ubongo na kuirudisha moyoni. Ulitakiwa ung'ae wote. Mnaona pembetatu hii? Kingo nyeupe, katikati giza. Hapo damu imeganda, imeziba njia. Ndiyo maana kichwa, ndiyo maana mkono. Tunaanza sindano sasa hivi, donge lisiendelee kukua."

"Mayu! Mama yangu!" Matroni akajishika kifua.

Felisita aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Hata ubongo wa Nancy ulikuwa mzuri. Yeye angepigwa picha, ingetoka nini? Jedwali la kuzidisha, lenye mashimo.

Siku za sindano zilipokwenda, vidole vya Nancy vikaanza kukunjika. Felisita alikaa pembeni ya kitanda, akimnywesha uji kwa kijiko, kwa uchungu mkubwa.

"Feli," Nancy akanong'ona, "kwani nilianguka vizuri?"

"Vizuri kuliko mimi. Usirudie."