Mstari wa Chaki Kwenye Nati

Mume wangu alitaka kompresa. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani sikulijua. Aliitaka hiyo mashine ya upepo kwa miezi saba, tangu aliporudi kutoka hospitali na mkono wa kulia uliolala na mguu wa kukokota, na alikuwa ameshaitengea mahali. Kwenye kona ya gereji yetu, karibu na mlango wa kuingilia ndani, alichora duara la chaki sakafuni. Nikakatazwa kulifagia.

Gereji yenyewe ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Linaingia gari moja na watu wawili wasiogombana. Miaka ishirini na sita ametengeneza magari humo, na muda wote huo mimi ndiye niliyemshikia tochi na kumpa spana, hadi nikawa naijua namba kumi na saba kwa kuishika tu. Watu wanamwita Robo. Ni kwa sababu ya neno lake. Wewe ukiona nati imeshakaza, yeye anasema, "Bado robo," yaani robo ya mzunguko, kisha anaimalizia hiyo robo kwa mkono, taratibu, macho kayafumba. Mashine hairuhusiwi kugusa mzunguko wa mwisho. Akimaliza anachora mstari mfupi wa chaki kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikilegea njiani, mstari unakatika vipande viwili, na mwenye gari anaona mapema kabla gurudumu halijamkimbia. Mtaa mzima unaujua mstari wa Robo.

Kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Daktari alisema atapata nafuu ila asikae bure, na kukaa bure ndiko kulikokuwa kunammaliza. Alikuwa anashinda kibarazani akitaja magonjwa ya magari yanayopita barabarani, kwa kuyasikiliza tu.

"Huyo beringi imekwisha," anasema. "Na huyo klachi yake haifiki Ijumaa."

Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikawa nakwenda jikoni kulia, nafungulia bomba ili asinisikie.

"Mama, ninunulie kompresa," aliniambia siku moja. "Mashine ya upepo ifungue na kufunga. Mimi nitamalizia robo kwa huu wa kushoto."

"Zipo na mashine za betri za kufungulia nati," nikasema. "Binti yako kanitumia picha kumi na nne."

"Ya betri inajua kazi moja. Kompresa inajaza matairi, inapuliza vumbi, inapaka rangi. Halafu ikinguruma asubuhi, mtaa mzima unajua Robo karudi kazini."

Nikaenda dukani peke yangu. Muuza vifaa alikuwa mtu mzima aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, na maneno yake hayakuwa na kituo. Alinionyesha kompresa ya tangi la lita hamsini, akaiwasha, rafu zote zikatetemeka. Akaniambia nisithubutu kuchukua ya tangi dogo, maana nikifungua nati tatu nitakaa nasubiri upepo ujae kama mtu anayesubiri maji ya mgao. Akaukunjua mpira wa upepo, mita kumi, ukajinyoosha sakafuni. Nikautazama ule mpira na kuuona mguu wa mume wangu juu yake.

Kisha akanipa mashine ya betri. Niliishika kwa mkono wa kushoto makusudi. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, lakini ilishikika.

"Betri mbili," alisema. "Moja ikiwa kazini, nyingine iko kwenye chaji. Kwa gereji ya nyumbani inatosha kabisa. Anayeitumia ni nani?"

"Mume wangu."

"Mikono yake mizima?"

"Anayo miwili, kama wewe," nikamjibu.

Aliteremsha miwani, akanitazama vizuri.

Nikachukua ya betri. Nilijiambia ni kwa ajili ya mpira, asije akajikwaa. Nilijiambia mkono mmoja unaitosha. Yote hayo ni kweli na hakuna wa kunibishia. Lakini chini yake palikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu: niliuogopa ule mngurumo. Niliogopa mtaa usikie Robo karudi kazini, halafu ashindwe mbele ya macho yao.

Alipofungua boksi aliitoa kwa mkono wa kushoto. Aliigeuzageuza, akaangalia duara lake pale kona, akasema, "Haya." Kisha akaweka betri, akaegemea gari letu bovu, akabonyeza. Nati ikatoka mara moja. Akafungua ya pili, ya tatu, zote, akazirudisha, akazifungua tena. Alicheka. Ni nusu ya uso tu iliyocheka, lakini ilicheka sawasawa, na mimi nikajiona mwerevu kupita wanawake wote.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliyetaka kubadilishiwa breki. Kazi ya saa moja ilikwenda hadi saa nane mchana, na mwalimu hakulalamika, Mungu ambariki. Robo alifunga magurudumu yote manne kwa mashine, akamalizia kila nati kwa mkono wa kushoto, macho kayafumba, akachora mistari yake. Mistari ilipinda kidogo. Mwalimu akaenda kwake, alifuate gari jioni, na Robo akaingia ndani kunywa dawa na kulala.

Nilibaki nafagia. Sijui ni nini kilichonituma. Ndani ya kabati kulikuwa na spana ya kipimo aliyoletewa na binti yetu, ile ya kulia "ta" nati ikifikia kipimo chake. Yeye hakuwahi kuitumia, alisema ni ya watu wasiojua mikono yao. Niliitoa, nikaiweka kwenye nati ya kwanza, nikavuta, nikitegemea ilie papo hapo. Haikulia. Nati ilizunguka robo, ikazunguka robo nyingine, ndipo spana ikalia. Nikaenda ya pili. Nikazunguka gari zima, nati ishirini, na zote zilikuwa hivyohivyo. Mkono wake ulikuwa unamwambia imefika, na mkono wake ulikuwa unamdanganya.

Nilikaa chini kwenye oili na sketi yangu safi. Nililia, sifichi. Halafu nikafuta mistari iliyokatika, nikachora mipya. Niliichora kwa mkono wa kushoto ili ipinde kama yake.

Nilikusudia kumwambia jioni. Nilifungua mdomo mezani kabisa. Lakini alikuwa anakula kwa hamu, anaongeza, ananieleza vile mwalimu alivyosimama kumtazama akifanya kazi. "Kumbe bado nipo nipo," alisema. Nikaufunga mdomo wangu.

Ikawa ndiyo desturi. Yeye akienda kulala saa nane, mimi naingia na spana: nakaza, nafuta, nachora. Miezi miwili, magari kumi na moja. Akaanza kuvaa ovaroli yake ya zamani. Akaanza kunigombeza tena nikichelewa kumpa spana, na mimi namjibu vilevile kama zamani, moyo unaniuma na kufurahi kwa pamoja.

Gari la kumi na moja lilikuwa basi dogo la watoto wa shule. Dereva alisema atalifuata saa kumi. Saa nane na nusu nilikuwa kwenye gurudumu la mwisho, nati ya mwisho. Ndiyo kwanza nimeikaza, spana imelia, nanyoosha mkono kuchukua kitambaa, nikasikia sauti ya dereva getini anapiga hodi kwa kelele zake. Nikatumbukiza spana kwenye ndoo na kuifunika kwa kile kitambaa, mpini umechomoza. Hodi hiyo ilikuwa imemwamsha na Robo.

Alitoka akijifunga vifungo. Hajawahi kutoa gari bila kulizunguka mara moja, kiganja kikipita juu ya bodi, na siku hiyo alilizunguka pia. Kwenye gurudumu la nyuma alisimama. Akainama, jambo ambalo kwake ni kazi nzima, akakaa hapo akiangalia mistari mmoja mmoja.

Mstari wa ile nati ulikuwa umekatika. Nati ikilegea, mstari hukatikia upande wa kufungua. Huu ulikatikia upande wa kukaza, robo na zaidi. Mimi najua kuusoma, na aliyenifundisha ni yeye. Hakuna nati inayojikaza yenyewe.

"Vipi fundi, kuna tatizo?" dereva aliuliza.

"Hakuna," Robo alisema akiinuka. "Gari liko sawa. Nenda salama na watoto wa watu."

Basi likatoka. Alisubiri hadi lilipokata kona. Ndipo akaenda kwenye ndoo, akainua kitambaa, akaiona spana.

"Tangu lini?"

"Tangu gari la mwalimu."

Alitikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana hukutaka kompresa. Ulijua tangu dukani."

"Sikujua, baba. Niliogopa tu."

Alikaa juu ya tairi kuukuu, mkono mzima ukiushika ule mgonjwa mapajani. Nilitaka anifokee. Nilimwomba Mungu anifokee.

"Hata moja?" aliuliza. "Katika zote hizo, mama, hata moja sikuikaza ikakaza?"

Niliona jinsi alivyoniangalia. "Ipo," nikasema. "Ipo moja."

"Ipi?"

Nilitafuta. Nayakumbuka magari yote kumi na moja, rangi zake, namba zake, nati zake moja moja. Nilifungua mdomo nitaje lolote lile, na sikuweza kutaja.

 Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa chaki, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole.

"Mwalimu anakuja tena kesho," alisema. "Ukimaliza kukaza, chora kwa mkono wako wa kulia."

Akainuka, akaingia ndani. Mguu wake ulipita ukikokota juu ya duara la pale kona, na hakugeuka kuliangalia.