Mama Hapana na Pikapu ya Kijani

Umaarufu wangu niliujua nikiwa nimepiga magoti, mdomo umejaa pini, napima pindo la gauni la mke wa kinyozi. Yeye alikuwa amesimama juu ya kigoda anajitazama kwenye kioo, na kama ilivyo kwa watu wengi wanaopimwa, ulimi ulikuwa umemlegea. Akasema amefurahi kuona kumbe mimi ni mtu wa kawaida tu. Huko gereji na kwa mumewe, akasema, naitwa Mama Hapana.

Mwenye pini mdomoni hajibu. Nilibaki nasikiliza huku akinisomea makosa yangu. Kumbe ni mimi niliyemkataza mume wangu kuingia kwenye ubia wa mbuzi. Ni mimi niliyemzuia kuwa mweka hazina wa timu ya mpira. Ni mimi niliyemkatalia kusafiri na wenzake kwenda harusini, na ni mimi tena niliyesema fundi wa gereji asiazimwe ngazi yetu. Kila walipomwomba jambo, mume wangu alikubali papo hapo, na kesho yake akarudi na uso wa msiba, akashusha pumzi na kusema, "Mimi ningependa sana, lakini mama kakataa." Wenzake walimhurumia mpaka siku moja wakamnunulia soda.

Haki ya nani, sikuwahi kuulizwa hata moja kati ya hayo. Mbuzi wale ningewataka. Nilizitema pini kiganjani, nikamwambia mama wa watu ageuke, nikaendelea kupima. Pindo lile lilitoka limepinda na ilinibidi nilifumue.

Mume wangu ni mtu mwema. Nalisema mapema, maana huko mbele nitamsema vibaya. Ni karani wa bohari, mpole, na nikizidiwa na sare za shule ananipikia chai na kuniletea pale pale kwenye cherehani. Ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kumkatalia mtu usoni. Anagawa ndiyo kama peremende, kisha anamtafuta wa kumbebea hapana. Na mke si yupo.

Siku chache baadaye alirudi kazini akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, akanieleza, mwenye pikapu kuukuu ya kijani, ya aina ambayo kiwanda chenyewe kilishaisahau. Mwalimu anasema zilizobaki ni chache kuliko meno yake, na meno yake unaweza kuyaona yote akicheka. Basi pale kwenye benchi la gereji mume wangu akaanza kutia chumvi. Akasema ujanani alikuwa fundi, injini kama ile anaifungua na kuifunga amefumba macho, na kwamba atainunua na kuitengeneza mpaka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Wakampigia makofi. Fundi wa gereji, ambaye wote tunamwita Kipara, akajitolea kumsaidia. Mwalimu naye alikuwa na haraka, kwa sababu watu wa chuma chakavu walishamjia na msumeno. Akasema Jumamosi aje na mkewe, waamue.

"Sasa wewe unasemaje?" mume wangu akaniuliza, akaegemea kiti, anangoja hapana yake kama mtu anayengoja chenji.

Kusema kweli hapana nilikuwa nayo, tena ya moto. Ua wetu ni mdogo, na gari bovu halina tofauti na mgeni asiyeaga. Lakini nikamkumbuka yule mama juu ya kigoda.

"Twende tukaione," nikasema.

Chai ilimpalia mpaka nikampiga mgongoni.

Toka siku hiyo alinishughulikia kweli kweli. Alinikumbusha kwamba pikapu ikikaa uani sitakuwa na pa kuanika nguo. Nikamwambia nitaanika kwa jirani. Akaniletea habari kwamba inatoa moshi. Nikasema hata jiko letu linatoa moshi na tunaishi nalo. Akasema vipuri vyake havipatikani popote. Nikasema wewe si fundi, utavichonga. Ijumaa aliniuliza, kwa upole kabisa, kama najisikia vizuri.

Jumamosi tulipofika kwa Mwalimu tuliwakuta Kipara na kinyozi wameshakaa barazani, wanangoja kama watu waliokuja kwenye shauri. Wote wawili walinisalimu, "Shikamoo, shemeji," kwa heshima ambayo sikuizoea. Kipara ananizidi umri.

Pikapu ilikuwa chini ya kibanda cha bati. Rangi ya kijani ilikuwa imefifia ikawa kama ya sabuni ya kufulia, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba, na taa zake mbili za mviringo zilikuwa zinatutazama kwa mshangao. Huko nyuma mbao za sakafu zilikuwa zimeoza na nyasi zimepata pa kuota. Kipara aliinua boneti, akaingiza kichwa na kuguna mara kadhaa, na kila akiguna mume wangu alikuwa akitikisa kichwa kama anayeelewa.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningekaa kimya, nimwache aamue mwenyewe mbele ya wenzake, aumbuke, na jina langu lisafike. Nilikuwa nimeungojea wiki nzima. Nikaingia kukaa kwenye kiti ili niangalie mchezo vizuri.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kiti kilikuwa kimoja kirefu, kimechanika, springi zimechungulia nje, lakini pembeni mshono ulikuwa bado haujaachia. Niliupitishia kidole. Ulikuwa mshono wa mkono, mara mbili, kila tundu limekaa mahali pake, na kuzunguka ukingo kulikuwa na utepe mwembamba uliotiwa kamba ndani ili usilegee. Fundi yule simjui na bila shaka alishakufa, lakini alikuwa ameshona kiti cha kukaliwa na makalio kwa uangalifu ambao mimi nauweka kwenye gauni la bibi harusi. Niliipenda pikapu ile. Nasema wazi, niliipenda kuliko nilivyomchukia mke wa kinyozi.

Mwalimu akapiga makofi kidogo, kama darasani. "Haya. Mnasemaje?"

Wote wakanitazama mimi. Mume wangu ndiye aliyekuwa mnunuzi, lakini hakuna aliyemwangalia. Kinyozi alikuwa ameshaandaa uso wa kutoa pole.

"Mimi sina neno," nikasema. "Aamue mwenyewe."

Mume wangu akapiga teke gurudumu moja. Akaenda kwa la pili. Akauliza kama honi inalia, akajibiwa hailii, akaitikia kana kwamba honi ndiyo iliyokuwa tatizo. Akaizunguka pikapu yote, akatokea upande wa pili, jasho linamtoka.

"Mke wangu ana haya tu," akasema. "Najua moyoni hapendi."

"Napenda," nikasema kupitia dirishani.

Alisimama pale ameshika kamba ya mlango. Nilikuwa nimeungojea uso ule, na ulipokuja sikuupenda. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Naogopa," akasema hatimaye. "Naogopa nikiifungua sitaweza kuifunga." Halafu, kwa kuwa maji yakishamwagika hayazoleki, akamaliza yote. Ujanani gereji alikaa kweli, lakini kazi yake ilikuwa kuosha spana kwa mafuta ya taa na kutumwa chai. Injini hajawahi kufungua hata moja, amefumba macho au amefumbua.

Hakuna aliyecheka. Nilimwonea huruma, na huruma ile iliniudhi, maana iliniharibia ushindi wangu.

Kipara akashusha boneti. "Sasa si ungesema?" akamwambia. "Ya kufungua na kufunga nitafanya mimi. Wewe utashika tochi. Kushika tochi nako ni kazi, wengi wanamulika dari."

"Basi naichukua mimi," nikasema. Nilikuwa na akiba yangu ya sare za shule, na sikuhitaji kumweleza mtu. "Kiti nitakishona mwenyewe."

Kipara alinitazama, akamtazama kinyozi, na neno likamponyoka. "Yaani leo Mama Hapana ndiye anayesema ndiyo?"

Akajishika mdomo. Mwalimu akaanza kuchunguza bati la kibanda. Mimi sikumtazama Kipara. Nilimtazama mume wangu. Angeweza kucheka kidogo, akaupisha ule utani ukapita, nami ningerudi nyumbani na pikapu na lile jina vilevile. Aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake.

"Hajawahi kukataa kitu," akasema. "Hapana zote zile zilikuwa zangu. Yeye hata hakuulizwa."

Kinyozi alifikiri. "Hata ile ngazi?"

"Hatuna ngazi," akasema mume wangu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye kona ya kwetu nilimshika mkono, na alinishika kwa nguvu kama mtu anayevushwa barabara.

Kazi ilikwenda polepole kuliko alivyoahidi Kipara na haraka kuliko nilivyotegemea. Kiti nilikifumua chote, nikaufuata mshono wa yule fundi tundu kwa tundu. Mume wangu alishika tochi. Kisha akaanza kushika tochi na spana, kisha siku moja nikamkuta ameshika spana na Kipara ameshika tochi. Jioni injini ilipowaka alikaa chini kwenye vumbi akalia bila kujificha.

Hata rangi haijakauka vizuri, kinyozi akaja. Alinikuta uani, nimepiga magoti kwenye kiti, pini mdomoni, namalizia upande wa dereva. Aliniamkia, akasifu rangi, akasifu kiti, akazisifu hadi taa, nikajua kuna jambo. Alitaka kuazima pikapu ahamishie makabati ya mama mkwe wake, njia ya mawe matupu, siku mbili tu, pengine tatu.

Nilizitoa pini taratibu. Nilishusha pumzi.

"Mimi ningependa sana, shemeji," nikasema, "lakini mume wangu kakataa."

Miguu iliyokuwa imechomoza chini ya pikapu ikatulia, na spana ikaacha kugonga. Kinyozi akainama kutazama. Nami nikangoja, maana sikuwa na hakika hata kidogo.

"Ndiyo," ikasema sauti kutoka chini. "Nimekataa."