Mseti Akamua Uongo

Asiyefika shamba la ujamaa bila sababu alitozwa mbuzi. Mseti hakufika. Jioni Regina, balozi wa nyumba kumi, akamkuta zizini akikamua ng'ombe.

"Mseti, leo ulikuwa wapi?"

"Niliumwa tumbo, mama balozi. Mungu ni shahidi."

Jibu hilo alikuwa amelitunga tangu asubuhi, hivyo maziwa yaliendelea kutiririka kibuyuni.

"Nani alikupa dawa?"

Mikono ikasimama. "Mke wangu," akasema, akaanza kukamua tena.

"Dawa gani?"

Mikono ikasimama tena. Mseti akatazama mbinguni kana kwamba Bwana angemshushia jina la mti. Ng'ombe akachoka kungoja, akakipiga teke kibuyu.

"Lete mbuzi," Regina alisema.

Mseti akainuka, amelowa maziwa. "Mama, ungeniuliza nikiwa nimekaa tu, mikono haina kazi, ningekushinda!"