Kibasi Kilichosukumwa na Darasa la Tatu

Jumapili, kabla maharage hayajaiva, Marcellin alikuwa amekwishavua suti ya kanisani na kuingiza kichwa chini ya boneti ya kibasi chake. Kibasi hicho kilibeba watoto kumi na mmoja kutoka mtaa wa Yeoville hadi shuleni kila asubuhi, ila kwanza watoto walikibeba chenyewe. Hakikuwaka bila kusukumwa. Darasa la tatu walisukuma kulia, la saba kushoto, wadogo wakabaki katikati wakiimba. Na kwa sababu hiyo Marcellin aliegesha mteremkoni tu, pua ikitazama chini. Wengine huchagua mtaa kwa ajili ya kanisa au duka. Yeye alichagua kwa ajili ya mteremko.

Siku ya Ijumaa, Zabibu, mshonaji kutoka Bujumbura, alipokea mtoto wake mwenye alama kumi za vidole vyeusi kwenye shati jeupe. Akaja kwa Marcellin kusema kwa niaba ya akina mama wote, akimwita kwa jina la binti yake.

"Papa Sagesse, mimi sikumpeleka mtoto shule asomee upunda. Jumatatu gari iwake na ufunguo, kama gari za watu. Isipowaka, wote tunahamia kwa Othmani."

Othmani alikuwa na kombi nyeupe, yenye redio. Marcellin hakuwa na kazi nyingine.

Betri ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye nyaya zake mbili: nyembamba, zimeota unga wa kijani kama mkate uliosahauliwa, na kimoja cha vichwa vyake kimelegea hadi kikakazwa kwa msumari. Basi Marcellin alikuwa amenunua waya mpya wa shaba, mweusi na mwekundu, mnene kama kidole gumba, pamoja na vichwa vya betri vya shaba nyeupe, kwa mtu anayetandaza bidhaa kwenye lami kule Marshalltown.

Alifungua waya mweusi wa zamani kwanza, kama inavyotakiwa. Akakwangua rangi ya bodi pale unaposhikwa na bolti, mpaka chuma kikang'aa. Shida ikaja kwenye kuchomelea vichwa kwa risasi: pasi yake ya kuchomelea ilikuwa ya umeme, na umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu Alhamisi. Watu walisema waya wa mtaa umeibwa. Kwa hiyo akaenda uani, kwenye mbaula, jiko la makaa la mkewe Hélène, akaweka vichwa vya waya kwenye makaa, bega kwa bega na sufuria.

"Papa Sagesse, maharage yangu yananuka tairi."

"Kula tu, chérie wangu. Hiyo ndiyo ladha ya gari kuwaka."

"Na lisipowaka?"

"Basi ni tairi tu."

Waya mweusi uliiva vizuri. Akaufunga, akakaza bolti mpaka spana ikalia, akapaka vazelini ya binti yake Sagesse ili kutu isirudi. Akaweka waya mwekundu kwenye makaa. Moshi wa mpira ukapanda, ukavuka ukuta, ukaingia mtaani kusalimia majirani.

Robo saa baadaye geti liligongwa. Walikuwa askari wawili, mmoja mzee, mmoja kijana. Walitazama mbaula, wakatazama waya.

"Mtaa mzima hauna umeme," alisema mzee, "na wewe unakaanga shaba."

"Ni wa betri, bosi. Wa gari hili."

"Slip iko wapi? Risiti ya duka?"

"Nimenunua barabarani, bosi."

"Barabara haitoi slip."

"Ndiyo, bosi. Haitoi."

Yule mzee akangoja, kana kwamba barabara ingeweza kubadili mawazo.

"Bosi, waya wa mtaa una urefu wa mtaa. Huu una urefu wa mkono wangu."

Kijana akacheka. Mwenzake hakucheka, naye akaacha. Walichungulia waya mweusi ndani ya boneti, lakini kuutoa kulihitaji spana na kuchafuka mikono, wakauacha. Waliuchukua mwekundu. Ulikuwa bado wa moto, ukatoboa mfuko wao wa plastiki, wakaufunga kwenye kitambaa cha jikoni cha Hélène. Kesho, walisema, alete slip kituoni apewe waya wake. Kuhusu kitambaa hawakusema kitu.

Nje watu walikuwa wamejaa. Mmoja alikuwa ameinua simu, anarekodi. Zabibu alisimama ng'ambo ya barabara. Alimwita mwanawe aingie ndani.

Marcellin alirudisha waya mwekundu wa zamani. Aliuosha kwa maji ya moto yenye magadi, akaukwangua kwa kisu, akaufunga kwa kichwa kipya kilichobaki. Kisha wakala maharage yao yenye harufu ya tairi.

Jumatatu asubuhi aligeuza ufunguo. Injini ikawaka mara ile ile. Kumbe mgonjwa alikuwa ule mweusi.

"Merci, asante Yesu!" Hélène alipiga makofi dirishani.

Kwenye geti la kwanza alipiga honi, pazia likatikisika tu, hakutoka mtu. La pili hata pazia halikutikisika. Kwenye la tatu Zabibu alitoka, kitenge begani.

"Wametangulia na Othmani, papa."

"Mama, imewaka. Sikia."

"Nasikia."

"Kwa ufunguo!"

"Shida si gari tena." Alishusha sauti. "Video imezunguka mtaa wote. Wanasema mwizi wa waya ndiye huyu. Siku wakiamua kupiga mawe, watapiga hiki kibasi, na wanetu watakuwa ndani. Mimi najua hukuiba."

"Najua unajua."

"Basi usinikasirikie."

Kwenye kona lori la mafundi wa umeme lilikuwa limeziba njia. Taa ya barabarani ilikuwa imewaka juani. Marcellin akashusha kioo.

"Waya mwingine mmepata, wakubwa?"

"Waya gani? Haukuibwa," fundi mmoja alisema, akimwonyesha kipande cha chuma chenye unga wa kijani. "Kichwa kimeoza tu. Eish, tuliwaambia mabosi tangu mwaka jana."

"Mngepaka vazelini."

Fundi alicheka sana, akadhani ni utani.

Shuleni aliegesha kwenye tambarare, mara ya kwanza tangu anunue kibasi. Akazima. Sagesse, peke yake katika viti vya nyuma, hakushuka.

"Papa, leo sisukumi?"

"Leo hapana."

Marcellin akawasha tena, akazima. Akawasha, akazima. Kila mara injini iliitika. Kando yao kombi nyeupe ilikuwa inashusha watoto. Waliposikia ile stata wakadhani kibasi kimegoma, wakageuka wote kumi, wakatupa mabegi chini, wakaja mbio. Darasa la tatu kulia, la saba kushoto, wadogo katikati. Wakaweka viganja vyao kwenye bodi.

"Tayari, papa!" walipiga kelele.

Marcellin aliangalia kioo cha nyuma. Akatoa mkono kwenye ufunguo, akaweka gia huru, akaachia breki, akawaacha wasukume.