Majibu ya Mazoezi

Cherehani ya baba ilikuwa ikienda bila kitambaa. Kwa mpita njia ilikuwa sauti ya fundi anayewahi kazi za watu. Sisi wa ndani tulijua kwamba sindano inatoboa hewa, na kwamba chini ya mngurumo ule kuna kikohozi. Alikuwa akikisikia kikija kwa mbali, kama unavyosikia mvua ikianzia kwenye mabati ya jirani. Basi anakanyaga pedali mbio, anageuzia uso ukutani, mabega yanapanda na kushuka. Kikipita anapunguza mwendo, anajifuta mdomo kwa kipande cha bitana nyekundu, anakisokomeza mfukoni. Halafu anatutazama kwa jicho la kuuliza nani kasema kitu.

Hakuna aliyesema kitu. Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya mzaha. Tangu mama afariki tulikuwa tukisemezana kwa utani, na mambo mazito tuliyazunguka kama watu wanaozunguka dimbwi wakiwa wamevaa viatu vipya. Ukiona mchuzi hauna chumvi, unamuuliza baba kama chumvi imehama mtaa. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa na cheti changu nyumbani, chenyewe kabatini na mimi kwenye kochi, wote wawili tukisubiri kuitwa.

Msomi alikuwa dada. Alikuwa chuo kikuu akisomea shahada ya uzamivu katika afya ya jamii, jambo ambalo baba aliwafafanulia wateja wake kwa kifupi: "Binti yangu ni daktari wa karatasi. Ukiumwa wewe, nenda hospitali. Ikiumwa karatasi yako, ilete huku." Wenzake dada kila mmoja alikuwa na jambo lililomvutia kulitafiti. Mmoja alishika maji ya visima, mwingine vijana na sigara, mwingine akina mama wanaojifungulia nyumbani. Dada alichagua watu wanaokohoa muda mrefu bila kwenda kupimwa kifua kikuu. Msimamizi wake alipomuuliza kwa nini hao, alijibu kwamba kuna pengo katika tafiti zilizotangulia.

Pengo lenyewe nililijua. Lilikaa sebuleni kwetu, nyuma ya cherehani, na futi ya kupimia shingoni.

Mwaka ule alirudi nyumbani kufanya utafiti mtaani kwetu, na mtoto wake mchanga mgongoni. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kutubana. Mtoto yule alimpenda babu yake bila adabu hata kidogo: akilia hanyamazi mpaka alazwe kifuani pa baba, pua kwa pua. Dada akawa hana raha. Kila wakiwekwa pamoja anakuja kumchukua, na kila mara ana sababu: anataka kunyonya, amelowa, ana usingizi.

"Huyu mtoto ana shughuli kuliko waziri," baba alisema, akimkabidhi. Alicheka. Lakini mikono ilichelewa kumwachia.

Siku moja dada akalisema waziwazi. Alikaa mbele ya cherehani akamwambia, "Baba, twende ukapimwe."

Baba hakuinua macho kwenye pindo. "Si ulisema ndugu wa mtafiti hawaingii kwenye utafiti?"

"Huu si utafiti, baba. Ni wewe."

"Basi mimi simo," alisema, na pedali ikaanza kwenda.

Na kweli hakuwemo. Chuo kilikuwa na kamati ya maadili, na kamati ilikuwa na sharti kwamba mtafiti asihoji watu wa nyumbani kwake, maana watamjibu anachopenda kusikia. Kwa hiyo dada alibisha kila mlango wa mtaa ule akauruka wetu. Alijua kwa nini fundi viatu alichelewa kupimwa. Alijua kwa nini muuza mkaa alichelewa. Jioni anarudi, anavua viatu, anaketi kula na mtu asiyemjua.

Wanaume wengine waliona haya kumjibu mwanamke, ndipo akaniajiri mimi. Alinikalisha chini kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mtu akijibu, wewe nyamaza. Usimcheke, usimsaidie, usimmalizie maneno. Na usitanie."

"Na nikipumua?"

"Pumua. Taratibu." Akanipa dodoso. "Anza na mazoezi kwanza, tafuta mtu yeyote. Majibu ya mazoezi hatuyatumii, yanachanwa."

Baba alikuwa akikata uzi kwa meno. "Yanachanwa kweli?"

"Yanachanwa, baba."

"Basi aanze na mimi. Nitaigiza. Nitakuwa mzee mmoja hivi, mkaidi mkaidi. Hata mimi simjui vizuri."

Dada alinitazama, akamtazama baba. Akasema mtoto ana njaa, akaingia chumbani, pazia likajifunga nyuma yake. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Nilivuta kigoda. Maswali ya mwanzo tuliyachezea. Umri? "Mzee huyu alizaliwa kabla ya kalenda." Kazi? "Anapima viuno vya watu na kuficha alichokipima." Nikaandika fundi. Kisha nikasoma swali la kukohoa.

"Anakohoa," alisema.

"Tangu lini?"

Alitazama mlangoni, ambako hakukuwa na mtu. "Tangu binti yake hajapata hata mimba."

Utani ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi wangu, umevaa na kuchana nywele. Niliumeza. Ulishuka kama kidonge kisicho na maji.

"Makohozi yana damu?"

"Ndiyo maana anatumia bitana nyekundu," alisema taratibu. "Ili isionekane."

Nyuma ya pazia kitanda kililia, kikanyamaza. Baba alisikia, nilimwona akisikia. Mguu wake ukajongea kuelekea pedali, na mimi nikajua kwamba akiikanyaga tu, yamekwisha. Mzee yule mkaidi ataondoka asirudi tena, atatuachia baba na mzaha wake mpaka siku ya kumzika. Sikuthubutu kumtazama. Nilisoma swali lililofuata kwa sauti ya karani aliyechoka, ambaye hajali watu watajibu nini ilimradi saa ya kutoka ifike.

"Kwa nini huyo mzee hajaenda kupimwa?"

Mguu ulisimama.

"Alikuwa na kaka," baba alisema. "Kaka yake alikwenda kupimwa. Akaambiwa ni kifua kikuu, akapewa dawa, akarudi nyumbani. Akakuta kikombe chake kimetolewa kabatini kimewekwa nje, juu ya pipa la maji. Peke yake. Hakuna aliyemwambia neno, alikiona tu. Toka siku hiyo chai anainywea uani, amesimama, kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Dawa akaziacha. Alisema bora awe mtu anayekohoa kuliko kuwa mtu mwenye kikombe chake."

Kwamba baba mkubwa alikufa kwa kifua tulijua. Habari ya kikombe hatukuwahi kuisikia.

Dodoso lilikuwa limeacha mistari michache tu kwa ajili ya jibu lile. Niliacha kuandika. "Nani alikitoa kabatini?"

"Hilo limo kwenye karatasi?"

"Limo."

"Wapi?"

"La mwisho, mzee."

"La mwisho nimeliona. Ni la kusema asante."

"Lile la kabla yake."

Alinikazia macho. Kudanganya kwa uso mkavu ni yeye aliyenifundisha, na fundi hashindwi kuitambua kazi ya mkono wake. Nilidhani atacheka. Tungecheka wote, na yote yangeishia hapo.

"Mdogo wake," alisema.

Baba mkubwa alikuwa na mdogo mmoja tu.

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Baba aliisubiri iishe. "Huyo mzee naye ana swali, kama wanaohojiwa wanaruhusiwa."

"Wanaruhusiwa."

"Kikombe kinaambukiza?"

Nilifungua mdomo. Mdomo huu unaojua kila kitu, ulioponza makalio yangu shule nzima, haukuwa na kitu ndani. Sikujua.

"Hakiambukizi." Ilikuwa sauti ya dada, nyuma ya pazia. Hakulifungua. "Ni hewa, baba. Mtu akikohoa kwenye chumba kilichofungwa, wengine wakaivuta. Si kikombe."

"Hata wakati ule?"

Nadhani alitamani kumdanganya.

"Hata wakati ule, baba."

Baba alivua futi shingoni, akaikunja polepole kuanzia kwenye kichuma chake, mpaka ikawa kama konokono kiganjani. "Kumbe nilimtoa bure," alisema. Alikuwa amesahau kuigiza.

Tasnifu ya dada leo iko maktaba ya chuo, nene, jalada gumu. Mna sura nzima kuhusu woga wa kutengwa, na wanafunzi wanaokuja nyuma yake huiazima kutafuta pengo la kwao. Fundi viatu yumo, muuza mkaa yumo, bila majina. Baba hayumo. Majibu yake niliyachana mimi jioni ileile kama tulivyoahidi, na dada alisimama akinitazama nikichana jibu alilolitafuta mtaa mzima. Hakunizuia.

Kesho yake asubuhi tulimwacha mtoto kwa jirani tukaenda kituo cha afya, sote watatu kwa miguu, baba mbele kama anayetupeleka sisi. Muuguzi alimpa kikopo chenye kifuniko akamwelekeza nyuma ya jengo, mahali pa wazi penye jua.

"Vuta pumzi mpaka chini, mzee, halafu ukohoe kwa nguvu. Nataka makohozi, sitaki mate."

"Kwa nguvu zote?"

"Zote."

Baba akatugeukia. "Nyinyi bakini hapa."

Tulibaki. Dada alinishika mkono kama zamani alipokuwa akinivusha barabara. Mwanzo hatukusikia kitu, ila ufagio wa mtu uwanjani. Kisha kikaja kikohozi kidogo, cha adabu. Halafu kikaja kingine ambacho sikuwahi kukisikia maishani, kikubwa, kibaya, kimeng'olewa na mizizi yake, na watu waliokuwa kwenye benchi wakageuza shingo. Kikaja tena. Na tena. Dada alinibana vidole vikaniuma.

Baba alirudi akiwa ameloa jasho, akampa muuguzi kikopo, akasimama akimtazama anavyokiinua kwenye mwanga.

"Inatosha?"

"Inatosha, mzee. Kaa hapo ndani usubiri."

Alikwenda kukaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya watu wazima wawili kati yake na wengine. Dada akaenda akaketi kwenye nafasi ile. Mimi nikazunguka nyuma yao, nikafungua dirisha.